Sura ya Sita: Shilingi 5,000 kwa Mtoto Anayesoma

Mwaka 2013 walimu wa darasa la kwanza hadi la tatu katika baadhi ya shule za msingi za serikali wilayani Karagwe walipewa ahadi ambayo mtumishi wa halmashauri hapewi mara nyingi. Mwisho wa mwaka wangekuja watu wasiofahamiana nao, wamwite mtoto mmoja mmoja pembeni, wamwekee karatasi mbele yake na kumwambia asome. Kwa mtoto wa darasa la kwanza, karatasi ya Kiswahili huanza na silabi, hufuata maneno, huishia kwenye sentensi. Mtoto akifaulu, mwalimu wake analipwa shilingi 5,000. Akifaulu na hisabati, 5,000 nyingine, Kiingereza vilevile. Mwalimu mkuu naye ana shilingi 1,000 kwa kila somo ambalo mtoto amefaulu. Asiyefaulu hamletei mwalimu wake barua ya onyo wala makato. Hakuna fomu ya kujaza, hakuna kikao cha tathmini, hakuna bosi wa kumridhisha. Mwalimu mwenye watoto 80 wa darasa la pili, nusu yao wakisoma Kiswahili sawasawa, anajua bila kuuliza mtu kwamba ana shilingi 200,000 zake.

Mpango huo uliitwa KiuFunza na uliendeshwa na asasi ya Twaweza katika shule 350 za wilaya 10: Karagwe, Geita, Kahama, Kinondoni, Kondoa, Korogwe, Lushoto, Mbinga, Mbozi na Sumbawanga. Ubora wake haukuwa katika zile shilingi 5,000 bali katika namna shule zilivyogawanywa. Kwa kura, shule 70 zilipewa ahadi hiyo ya malipo kwa matokeo. Nyingine 70 zilipewa ruzuku ya shilingi 10,000 kwa kila mwanafunzi, za kununulia vitabu, chaki na mahitaji mengine, pasipo kudaiwa matokeo yoyote. Nyingine 70 zilipewa vyote viwili. Zilizobaki 140 hazikupewa kitu, nazo zikawa kipimo cha kulinganishia. Kwa hiyo swali ambalo kwa kawaida tunalijibu kwa hisia, kwamba mtumishi wa umma anahitaji vitendea kazi au anahitaji kusukumwa na fedha, safari hii liliulizwa kwa njia ambayo jibu lake lisingeweza kupindwa na maneno.

Baada ya miaka 2 matokeo yalikuwa hivi. Shule zilizopewa ruzuku peke yake hazikuwa na tofauti yoyote ya maana na zile ambazo hazikupewa kitu. Fedha ziliingia, nyingine zikatumika kama ilivyokusudiwa, lakini watoto hawakusoma vizuri zaidi. Na wazazi walipoona shule ina fedha, walipunguza waliyokuwa wakitoa mifukoni mwao. Shule zilizopewa motisha peke yake zilionyesha nafuu kidogo, hasa katika ule mtihani wenyewe wa malipo, huku mtihani mwingine wa watafiti, usio na fedha ndani yake, ukionyesha nafuu finyu mno. Shule zilizopewa vyote viwili ndizo zilizopanda, na zilipanda kuliko jumla ya athari za ruzuku peke yake na motisha peke yake. Isaac Mbiti, Karthik Muralidharan na wenzao walichapisha matokeo hayo mwaka 2019 katika jarida la uchumi la Quarterly Journal of Economics, na tangu hapo yananukuliwa kila mahali watu wanapojadili mishahara ya walimu, isipokuwa, kwa kadiri inavyoonekana, kwenye vikao vya bajeti vya halmashauri zenyewe.

Sura hii inachukua funzo hilo la Karagwe na kulipeleka nje ya darasa. Swali ni kama halmashauri ya wilaya, Karagwe yenye makao yake Kayanga au Kyerwa iliyozaliwa kutoka humo mwaka 2012, inaweza kumlipa mtumishi wake kwa stahili, yaani kwa alichofanya, badala ya kumlipa kwa cheo na miaka aliyokaa. Jibu langu ni kwamba inaweza, kwa kazi chache tu, kwa fedha iliyo juu ya mshahara na si ndani yake, na kwa sharti moja ambalo serikali yetu imekuwa ikilikwepa kwa miaka 20: anayepima asiwe anayemsimamia.

Tuanze na hilo sharti, maana ndipo mfumo uliokuwapo ulipokwama. Tanzania haijawahi kukosa nia ya kuwapima watumishi. Sera ya utumishi ya mwaka 1999 na Sheria ya Utumishi wa Umma ya mwaka 2002 zote zinazungumzia utumishi unaojali matokeo, na mwaka 2004 ukaja ule Mfumo wa Wazi wa Mapitio na Tathmini ya Utendaji Kazi, ambao watumishi wengi waliujua kwa jina la OPRAS. Ulikuwa na fikra njema. Mwanzoni mwa mwaka wa fedha, Julai, mtumishi na msimamizi wake wanakaa na kukubaliana malengo. Katikati ya mwaka wanaangalia wamefika wapi. Juni wanapeana alama. Neno "wazi" lilikusudiwa kumaliza enzi za taarifa za siri, pale bosi alipoandika anayoyataka na mtumishi asiyaone. Lakini muulize mtumishi yeyote wa halmashauri fomu hiyo ilijazwa lini. Ilijazwa pale tangazo la kupandishwa madaraja lilipotoka, ikajazwa ya mwaka huu na ya miaka iliyopita kwa pamoja, malengo yakaandikwa baada ya kazi kufanyika, na alama zikawa nzuri kwa karibu kila mtu.

Ni rahisi kuwalaumu watu hapa, na wanasiasa wetu hupenda kufanya hivyo. Mimi naona lawama hiyo haina msingi. Chukua mkuu wa idara mwenye watumishi 12 katika mji mdogo ambako wote wanasali pamoja, wanazikana, wanachangiana harusi, na watoto wao wako darasa moja. Mpe fomu umwambie aandike kwamba wawili kati yao ni dhaifu. Alama ya chini haimpi faida yoyote, haimwongezei fungu la idara, haimletei mtumishi bora. Inamletea rufaa, kununiwa, na pengine swali kutoka kwa afisa utumishi kuhusu mahusiano kazini. Alama ya juu haimgharimu kitu. Ni mtu wa ajabu ambaye angechagua vinginevyo. Marekani walipitia njia hiyohiyo: sheria yao ya mageuzi ya utumishi ya mwaka 1978 iliwawekea mameneja wa ngazi za kati wa serikali kuu malipo ya stahili kwa alama za wakubwa wao, alama zikapanda, fedha zikawa kidogo, manung'uniko yakawa mengi, ukatungwa mfumo mwingine wa kurekebisha ule wa kwanza, na mwaka 1993 wakauacha. Huko hawazikani wala hawachangiani harusi kama Wanyambo wa Karagwe. Tatizo halikuwa utamaduni.

Sisi tuna kielelezo cha karibu zaidi, tena cha kila mwaka: mfanyakazi hodari wa Mei Mosi. Kila idara inatoa jina, anayetajwa anapanda jukwaani, anapewa cheti na bahasha au hundi, anapigwa picha. Haya ndiyo malipo ya stahili pekee ambayo watumishi wengi wa halmashauri wamewahi kuyaona. Na kila aliyefanya kazi serikalini anajua jinsi majina yanavyopatikana mahali pengi: kwa zamu. Mwaka jana alipata yule wa masijala, mwaka huu apewe dereva, mwakani tumkumbuke mama anayestaafu. Kuna busara kubwa katika zamu hiyo, kwa sababu inalinda amani ya ofisi, na amani ya ofisi nayo ni kitendea kazi. Tusijidanganye tu kwamba tumepima stahili. Tumegawana bahasha kwa haki.

Kuanzia mwaka wa fedha wa 2023/24, OPRAS imepokewa na mfumo wa kielektroniki wa PEPMIS, ambamo mtumishi anaingiza majukumu yake kwenye kompyuta au simu na msimamizi anayapitia humo humo. Umeondoa uwezekano wa kujaza miaka mitatu kwa usiku mmoja, na hilo si jambo dogo. Haujaondoa kiini cha tatizo, kwamba anayetoa alama ni yuleyule anayekaa na mtumishi, mwenye sababu zilezile za kumpa alama nzuri. Sasa rudi Karagwe ya 2013. Kwa nini KiuFunza haikuharibika kwa namna hiyo? Kwa sababu aliyempima mtoto hakuwa mwalimu mkuu, hakuwa mratibu elimu kata, hakuwa mtu wa Kayanga. Alikuja, akasikiliza watoto, akaandika, akaondoka. Hakuwa na sababu ya kumpendelea mwalimu wala ya kumwogopa.

Kama stahili inapimwa namna hiyo, basi mara moja idadi ya kazi zinazoweza kulipwa kwa stahili inapungua sana, na hapa ndipo natofautiana na wale wanaotaka kila mtumishi wa umma alipwe kwa matokeo. Mfikirie bwana shamba katika kata ya migomba. Katika miaka hii ya mnyauko wa migomba, moja ya kazi zake kubwa ni kuwafundisha wakulima kukata ua dume mapema kwa kijiti chenye panda badala ya panga, kuung'oa mgomba uliokwisha kuugua, na kulipitisha panga kwenye moto kabla ya kuhamia shina jingine, maana ugonjwa husafiri kwa chuma. Akifanya kazi yake vizuri, matokeo yake ni jambo lisilotokea: majani hayageuki manjano, ndizi haziivi kabla ya wakati, shina likikatwa halitoi usaha. Nani atalihesabu jambo lisilotokea? Na mkulima jirani, wa kata nyingine, asipofanya hivyo, mnyauko utavuka mpaka wa kata bila kuuliza ni bwana shamba gani aliyekuwa hodari. Ukimlipa kwa idadi ya mafunzo aliyoendesha, utapata karatasi nyingi za mahudhurio. Ukimlipa kwa mavuno, utamlipa kwa mvua. Mtu huyu alipwe mshahara mzuri, apewe pikipiki na mafuta, na aachwe afanye kazi.

Upande mwingine kabisa wa shilingi ni mkusanya ushuru. Kazi yake inahesabika kuliko zote. Mashine ya POS inatoa risiti, risiti ina namba, namba inaingia kwenye mfumo. Tangu sheria ya fedha ya mwaka 2017 ilipopunguza ushuru wa mazao, ukawa asilimia 3 kwa mazao ya biashara na asilimia 2 kwa ya chakula badala ya 5, halmashauri zinazotegemea kahawa na ndizi kama hizi mbili zimekuwa na kila sababu ya kumtaka mkusanyaji asilaze hata gunia moja. Kishawishi cha kumpa asilimia ya anachokusanya ni kikubwa. Nasema hapana, tena kwa nguvu zaidi kuliko kwa bwana shamba. Katika jimbo la Punjab, Pakistan, watafiti Adnan Khan, Asim Khwaja na Benjamin Olken walifanya jaribio kubwa la kuwalipa wakusanya kodi ya majengo kulingana na makusanyo. Makusanyo yaliongezeka kweli. Ila ongezeko lilitoka kwa wamiliki wachache waliopandishiwa tathmini. Wengine wengi hawakulipa kodi zaidi, walilipa rushwa zaidi, kwa sababu afisa mwenye sababu ya kukubana ni afisa ambaye kumnyamazisha kumepanda bei. Na hatuhitaji kwenda Punjab. Odd-Helge Fjeldstad aliyechunguza halmashauri ya Kilosa ya miaka ya 1990 alikuta kodi ikikusanywa kwa vizuizi vya barabarani na mgambo, na kodi ile ya kichwa ilichukiwa mpaka ikafutwa mwaka 2003. Mkulima wa Kyerwa aliyebanwa na mkusanyaji mwenye asilimia yake ana njia ambayo mlipa kodi wa Punjab hana: kahawa inavuka mpaka wa Murongo usiku, inauzwa Uganda, na halmashauri haipati hata ile asilimia 3.

Kati ya bwana shamba na mkusanya ushuru kuna kundi la kazi ambazo matokeo yake yanahesabika, anayehudumiwa haumizwi yakihesabiwa, na mpimaji kutoka nje anaweza kuyaona kwa macho. Kumfundisha mtoto kusoma ni mojawapo. Mama kujifungulia kituoni ni nyingine. Ng'ambo ya mto Kagera, Rwanda, vituo vya afya 166 viliingizwa kwenye utafiti ambamo karibu nusu yake vililipwa kwa idadi na ubora wa huduma, na vilivyosalia vikapewa kiasi kilekile cha fedha kwa utaratibu wa kawaida, ili isije ikasemwa kwamba ni fedha tu ndiyo iliyofanya kazi. Paulin Basinga na wenzake walichapisha mwaka 2011: akina mama waliojifungulia vituoni waliongezeka kwa asilimia 23, na watoto wadogo waliopelekwa kliniki waliongezeka sana. Idadi ya waliomaliza mahudhurio manne ya ujauzito haikubadilika. Mkoani Pwani, mpango kama huo ulioanza mwaka 2011 uliongeza kujifungulia vituoni kwa pointi 8.2 za asilimia na ugawaji wa dawa za kuzuia malaria kwa wajawazito, lakini kati ya huduma 8 zilizolengwa na kupimwa, hizo 2 tu ndizo zilizosogea waziwazi. Naona mfanano hapa. Kilichosogea ni kile ambacho mhudumu anaweza kukifanya akiwa kituoni, mama akiwa mbele yake. Kisichosogea ni kile kinachotegemea mama apande boda mara nne kutoka kilimani.

Wapo watakaosema, na wana haki ya kusema, kwamba mazungumzo haya yote ni anasa. Kwenye ofisi zetu neno linalosikika si stahili, ni stahiki: malimbikizo ya mishahara, fedha za uhamisho ambazo mtu alihamishwa nazo kwa mdomo, nauli ya likizo, daraja alilostahili kupanda miaka iliyopita. Nyongeza ya kila mwaka yenyewe ilikuwa imesimama kwa miaka kadhaa mpaka Rais Samia Suluhu Hassan alipotangaza kurudi kwake siku ya Mei Mosi 2023 mjini Morogoro. Kima cha chini kilipandishwa kwa asilimia 23.3 mwaka 2022, kisha Mei Mosi 2025 ikatangazwa kitoke shilingi 370,000 kwenda 500,000. Kwa mtu aliyesubiri hivyo, kuambiwa kwamba sasa atalipwa kwa alichofanya ni kama kuambiwa na mdeni wako kwamba ana mpango mzuri wa biashara. Nakubaliana na hoja hiyo moja kwa moja, na ndiyo maana nasema malipo ya stahili yasiguse mshahara. Nyongeza ya mwaka iwe ya wote. Daraja lipande kwa wakati wake. Halmashauri haina hata mamlaka ya kupanga mshahara. Hilo ni la Utumishi na Hazina. Ninachokitetea ni fedha ya juu, isiyokatwa kwa yeyote, inayolipwa kwa kazi chache zilizotajwa.

Hoja ya pili ni nzito zaidi: mwalimu atafundisha mtihani. Akijua mpimaji anakuja na silabi, maneno na sentensi, ataacha sayansi, ataacha darasa la nne, atawaacha wale watoto ambao hata wakifundishwa usiku na mchana hawatafika. Watafiti wa KiuFunza waliliangalia hilo. Katika masomo na madarasa ambayo hayakuwa na malipo hawakuona kuporomoka. Kuhusu watoto wa nyuma, wasiwasi huo ulizaa awamu ya pili ya mwaka 2015 na 2016 ambayo naiona ina funzo kuliko hata ya kwanza. Wanauchumi walibuni utaratibu wa haki zaidi: kila mtoto anashindanishwa na watoto waliokuwa sawa naye mwanzoni mwa mwaka, na mwalimu analipwa kwa nafasi ambayo mtoto amefikia kati ya hao wenzake. Kwa utaratibu huo, mtoto asiyejua silabi ana thamani sawa na anayesoma aya. Ukashindanishwa na utaratibu mwepesi wa viwango kadhaa, kila kiwango na bei yake, ili hata kumtoa mtoto kwenye silabi kumpeleka kwenye neno kulipwe. Nadharia ilisema ule wa kwanza utashinda. Haukushinda, ule mwepesi ulifanya vizuri sawa na huo au zaidi. Mwalimu anaweza kuangalia darasa lake na kusema, huyu bado maneno, huyu bado sentensi, na kujua cha kufanya Jumatatu. Nafasi ya mtoto kati ya wenzake wa Mbozi na Lushoto hawezi kuiona, basi hawezi kuifanyia kazi. Wanaotunga vigezo vya PEPMIS wangefaidika kulitafakari hilo: kipimo ambacho mtumishi hawezi kujipimia mwenyewe kabla mpimaji hajafika, ni mzigo tu wa karatasi, hata kama karatasi yenyewe siku hizi ni kioo cha simu.

Tatu, kuna wito. Watu husema nesi na mwalimu hawakuingia kazini kwa ajili ya fedha, na ukianza kuwahesabia watoto kwa shilingi utaua kile kilichokuwa kinawasukuma. Sipuuzi hoja hii, ila naona inatolewa zaidi na wasiopanda vilima. Mwalimu wa Karagwe hakugeuka mfanyabiashara kwa shilingi 5,000. Linaloua wito ni lile la mtu anayefanya kazi na asiyefanya kupata vilevile, mwaka baada ya mwaka, mpaka anayefanya aonekane mjinga. Wahenga walisema mgala muue na haki umpe; halmashauri nyingi hazimuui mtu, ila haki nayo hazimpi. Na kuhusu wivu kati ya walimu, ambao ni jambo la kweli kwenye chumba cha walimu cha watu saba, jibu lake liko kwenye muundo: hawashindanii fungu moja. Mwenzangu akipata 200,000 hakunipunguzia mimi hata senti. Ni zawadi ya mfanyakazi hodari, aliye mmoja tu kwa idara, ndiyo inayozaa wivu, kwa kuwa akipata yeye nimekosa mimi.

Kuna kitu kingine ambacho halmashauri inacho na hakihitaji bajeti: kituo cha kazi. Watafiti walewale wa Punjab walifanya jaribio jingine, la kuwaahidi wakusanya kodi kwamba atakayefanya vizuri atakuwa wa kwanza kuchagua kituo anachotaka, na ongezeko la makusanyo likawa kubwa kwa gharama karibu na sifuri. Katika Kyerwa kila mtu anajua vituo vinavyotamaniwa na visivyotamaniwa. Nyumba, umeme, maji, umbali hadi Nkwenda au hadi lami. Uhamisho leo hutolewa kwa barua, kwa kujuana, kwa ndoa na kwa ugonjwa. Ukisema wazi kwamba aliyefundisha miaka mitatu katika shule ya mpakani, na watoto wakasoma mbele ya mpimaji wa nje, ndiye wa kwanza kuchagua anakokwenda, umempa zawadi kubwa kuliko bahasha. Hatari yake naiona: shule za pembezoni zitapoteza walimu wao bora kila baada ya miaka mitatu. Lakini zinawapoteza sasa hivi, tena kabla hawajafanya kazi, na zinabaki na waliokosa wa kuwasemea. Ni afadhali kumpoteza aliyekwisha kufundisha.

Imebaki fedha yenyewe, na hapa ndipo ninapokuwa na shaka na pendekezo langu mwenyewe. KiuFunza ililipwa na asasi, na asasi hiyo ililipa. Halmashauri italipa kutoka wapi? Mapato ya ndani tayari yana asilimia 10 ya vikundi vya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu, yana fungu la miradi ya maendeleo, yana posho za madiwani na mafuta ya gari la mkurugenzi. Na mapato hayo katika wilaya hizi mbili yanafuata kahawa. Mwaka ambao bei ya chama cha ushirika ni nzuri kuliko ya ng'ambo, mashine za POS zinaimba, mwaka ambao wakulima wameuza kwa butura wakati maua bado yako mtini au wameivusha, zinanyamaza. Mwalimu anaahidiwa Januari. Mpimaji anakuja Novemba. Kahawa inavunwa katikati. Ahadi ya namna hii ikivunjwa mara moja haitaaminiwa tena, na itakuwa vigumu kumshawishi yeyote kwamba mwakani ni tofauti. Kwa hiyo fedha ya mwaka ujao lazima iwe imekaa benki, katika akaunti ambayo mkurugenzi hawezi kuigusa kwa mafuta wala kwa mwenge, kabla mwalimu hajaambiwa neno. Halmashauri isiyoweza kufanya hivyo kwa shule zake zote ifanye kwa kata mbili. Isiyoweza hata kwa kata mbili inunue vitabu na ikae kimya kuhusu stahili, ikijua kutoka shule zile 70 za ruzuku peke yake vitabu hivyo vitaleta nini.